Je, ni kweli kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya mawasiliano?

Karani wa Simu, Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Juzi ofisini kwetu, hapa Nairobi, tuliletewa mkufunzi wa huduma kwa wateja, naye akatuandikia ubaoni kwamba maneno hubeba asilimia 7 ya ujumbe, toni ya sauti 38, na uso 55. Kazi yangu ni kupokea simu kutwa nzima, tena kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuniona. Hesabu hii ilitoka wapi, nami niichukulieje?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Karani, hesabu hiyo ni ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, na ilitokana na majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa toni mbalimbali, au wakaonyeshwa picha za nyuso pamoja na sauti, kisha wakaulizwa msemaji ana hisia gani. Hakuna aliyeulizwa habari, maelekezo wala bei. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo haitumiki pale ambapo mtu hazungumzii hisia au mtazamo wake, lakini wakufunzi (wapo wengi wa aina hiyo) huiacha sehemu hiyo nje. Ukimwambia mteja kwamba fundi atafika Alhamisi saa nne, hakuna uso wala toni itakayompa siku na saa hiyo. Ila akikuuliza kama kweli fundi atafika, nawe ukajibu "atafika" kwa sauti ya kuchoka, hapo ataiamini sauti kuliko neno.

Fundi Mitambo
Naongeza upande wa simu. Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1948, alieleza mawasiliano kama safari ya ujumbe kutoka kwa mtumaji, kupitia njia yenye kelele, hadi kwa mpokeaji, na akasema wazi kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya tatizo alilokuwa akilishughulikia. Njia yenyewe, hata hivyo, inakuhusu sana. Simu ya kawaida ilizoea kupitisha mitetemo ya kati ya takriban 300 na 3,400 kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya sauti inayotofautisha "s" na "f" iko juu ya hapo. Ndiyo maana mteja anapotaja herufi za namba ya gari lake inafaa umrudishie: "S ya Simba, au F ya Fisi?"

Mama Pendo, Kayole
Kuna jambo ambalo wenzangu wamelipita. Mazungumzo hayatembei upande mmoja. Utafiti wa mwaka 2009 uliohusu lugha 10 ulionyesha kwamba kwa wastani jibu hufuata swali baada ya karibu sehemu moja ya tano ya sekunde, kwa hiyo msikilizaji huanza kuandaa jibu kabla mwenzake hajamaliza. Simuni, ukinyamaza kidogo tu ukitafuta faili, utasikia: "Halo? Unanipata?" Mteja hakuoni ukipekua kompyuta, basi mwambie unachofanya, na umwitikie "ehee" anapoeleza shida yake ndefu.

Karani wa Simu, Umoja
Nashukuru, Mwalimu na wenzako. Mkufunzi anarudi Jumatatu. Nitamwomba atueleze majaribio yenyewe yalihusu nini. Mama Pendo, vipi mteja anapokasirika akawa haachi nafasi hata ya hiyo "ehee"?

Mama Pendo, Kayole
Mwache avute pumzi, kisha urudie shida yake kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kumjibu lolote.