Kadi ya mtoto imejazwa "kawaida" na hata nguo hajavuliwa!!

Wakuu nina hasira leo mnivumilie. Mtoto wa mdogo wangu kazaliwa salama, uzito mzuri, kachomwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) kapewa na matone ya polio, kesho yake asubuhi mama karuhusiwa, kaambiwa nyonyesha na urudi kliniki basi. Siku ya tatu karudi. Nesi kamweka mtoto kwenye mzani na nguo zake, akavuta kadi akaandika macho kawaida, ngozi kawaida, kitovu kawaida, anajaza huku anaongea na simu na mtoto kesharudishwa kwenye kitenge. Hicho kitovu kakiona saa ngapi??

Mdogo wangu akamwambia sista mbona kama ana njano halafu hanyonyi vizuri analala tu, kajibiwa "muanike jua la asubuhi itaisha". Jamani manjano pamoja na kukataa ziwa ni dalili ya hatari, unamwambiaje mzazi aende akaanike mtoto kama dagaa!

Tukampeleka kwingine. Daktari kamvua nguo zote, kambonyeza paji la uso kwa kidole akaachia, njano hiyo hapo, akashuka tumboni mpaka nyayo, maana mtoto mweusi ukimtupia jicho tu huioni. Damu kupimwa bilirubini (ndiyo inayoleta hiyo njano) iko juu, mama grupu O mtoto A, yaani damu zao hazipatani, kawekwa chini ya taa za bluu hapo hapo. Ikizidi ile inaingia kwenye ubongo, mtoto anapata mtindio au anakuwa kiziwi, na ikishaharibu haitibiki. Na grupu ya mama imeandikwa kwenye kadi tangu ujauzito, nani aliisoma?

Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2022 wanasema kila kichanga kabla hajaruhusiwa apimwe manjano kwa kifaa cha kugusisha kwenye ngozi, aangaliwe macho, apimwe na usikivu. Vifaa vituo vingi hamna najua, mashine sidai. Kumvua mtoto nguo kunataka bajeti ya nani? Mtasema manesi wachache foleni ndefu, ni kweli kabisa, basi acha wazi hapo kwenye kadi tujue hajakaguliwa, usiandike uongo mzazi akaenda kulala akiamini mwanae mzima.

Mtoto katoka, ananyonya, tunamshukuru Mungu. Ila tumeambiwa apimwe masikio na pale alipolazwa hawapimi. Mwenye kujua hospitali ya serikali kanda ya ziwa wanaopima usikivu wa vichanga aniambie na bei yake.