Tupeane uzoefu: bei ya vifaa vya kupandia ilipopanda na wenzetu wakapunguzwa kazi

Binti wa Chumbageni
Asalaam aleikum, waungwana, na habari za jioni kwenu nyote. Nimesoma kuhusu kampuni moja ya Marekani inayotengeneza vifaa vya kupandia miamba, ambayo imepandisha bei na kuwapunguza wafanyakazi wake karibu kwa wakati mmoja, na habari hiyo imenirudisha katika mambo niliyodhani nimeyasahau. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya hapa Tanga iliyouza na kukodisha kamba, mikanda ya usalama na karabina (pete za kuunganishia kamba na mkanda) kwa mafundi wa minara ya simu na kwa waongoza watalii wa Usambara.

Sababu inayotajwa huko ni ushuru. Mwaka 2025 Marekani ilitoza asilimia 25 kwenye chuma na aluminiamu kuanzia mwezi Machi, ikafikisha asilimia 50 mwezi Juni, na bidhaa za China zilipanda hadi asilimia 145 mwezi Aprili kabla ya kushushwa mwezi Mei. Karabina nyingi ni za aluminiamu, na vifaa vingi hushonwa Asia, kwa hiyo ninaelewa bei ilivyopanda. Jambo ambalo halijaniingia akilini mpaka leo ni kwa nini anayeondolewa mwanzo huwa ni yule anayekagua vifaa. Waliowahi kupitia hali hii, hapa Tanga au kwingineko, naomba tupeane uzoefu.

Fundi wa Makorora
Dada, umesema kweli tupu. Kwetu pia aliyetangulia kuondoka alikuwa mkaguzi.

Mhasibu Mstaafu
Nami niliwahi kushika vitabu vya kampuni ya namna hiyo, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa hesabu, maana watu wengi hudhani kwamba mwenye duka hupandisha bei kwa tamaa tu. Kwa miaka mingi dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, na sisi tulipanga bei zetu tukitegemea hivyo. Mwaka 2023 dola zikawa adimu benki, tukawa tunasubiri zamu kama watu wa kisimani, na kufikia 2024 dola ikawa imekaribia au kuvuka shilingi 2,700. Mkanda wa dola 100 uliokuwa ukitugharimu shilingi 230,000 ukawa 270,000 bila kiwanda kuongeza hata senti moja. Juu ya hapo kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya gharama zote hizo, kwa hiyo kila ongezeko huzaa ongezeko jingine.

Mwongoza watalii aliyezoea kununua kamba mpya akaanza kukodi, aliyezoea kukodi akaanza kuazima kwa mwenzake, na mauzo yakaporomoka. Mkurugenzi aliponiita kuuliza ni gharama ipi inaweza kukatwa, kodi ya jengo ilikuwa imelipwa kwa mwaka mzima na mkopo wa benki haugusiki. Katika karatasi ile kilichobaki ni mishahara, na majina yaliyokuwa juu ya mishahara hiyo nilikuwa nayajua yote, watoto wao nawajua, misiba yao nimehudhuria.

Mzee wa Ngamiani
Wanangu, mnazungumza habari hizi kana kwamba Tanga imeanza kuziona mwaka huu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaota, ukaujenga mji huu, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kilichotuangusha, pamoja na usimamizi wetu wenyewe, ni nyuzi za viwandani. Hapo zamani hata wapanda milima wa Ulaya walijifunga kamba za nyuzi za mimea, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakahamia nailoni, kwa sababu inanyumbuka mtu anapoanguka na haiozi upesi. Meli zikafuata, wakulima wa ng'ambo wakafuata, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wetu ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000. Mimi nilikuwa kijana katika shamba moja njia ya Korogwe wakati barua zilipoanza kutolewa, na familia zilizokuwa zikiishi katika nyumba za kambi ziliambiwa ziondoke pamoja na kazi.

Kijana wa Pongwe
Mzee wetu, shikamoo. Kwa heshima zote, mada hii inahusu vifaa vya kupandia na watu waliopunguzwa sasa. Tukianza na Mjerumani wa mwaka 1893 hatutafika, na wenzetu wanaohitaji msaada leo watakaa kimya.

Mzee wa Ngamiani
Marahaba. Kamba unayoning'inia nayo leo ndiyo iliyomwondoa baba yako mdogo shambani. Kama hilo si uzoefu, nieleze uzoefu ni nini.

Binti wa Chumbageni
Mzee wangu, endelea, uzoefu wako ni wa hapa hapa. Nawe mdogo wangu, hoja yako nimeielewa, ila tusiwafunge midomo wakubwa zetu.

Mpanda Minara
Sikukusudia kuandika, lakini maneno ya dada kuhusu mkaguzi yamenizuia kulala.

Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi sitaitaja. Tulikuwa tukitunza minara ya simu kuanzia Muheza hadi Pangani. Kulikuwa na mzee mmoja wa stoo ambaye kila mkanda alikuwa ameuandikia tarehe ya kuanza kutumika katika daftari, na kila tuliporudi alipitisha vidole kwenye mishono yote, akifungua na kufunga kila karabina, na chochote alichokitilia shaka alikikata kwa kisu mbele yetu ili asitokee mtu wa kukirudisha kazini kwa siri. Sisi vijana tulimwona ana makuu. Bei za vifaa zilipopanda, ofisi ilianza kulalamika kwamba visu vya mzee yule vinaitia hasara, na ulipofika wakati wa kupunguza watu jina lake lilikuwa la kwanza. Waliobaki tukaambiwa kila mtu ajikagulie mwenyewe na kwamba vifaa vipya vitakuja baada ya robo mwaka.

Vifaa havikuja. Siku moja tulikuwa juu ya mnara ulio karibu na bahari, upepo wa kusi unavuma, mimi na mwenzangu mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mtu huwa na kamba mbili fupi za kujifungia, anafungua moja na kuihamisha huku nyingine ikiwa bado imeshika, ili asiwepo hewani hata nukta moja bila kufungwa. Mwenzangu alipoegemea nyuma ili afikie antena, kamba moja ilikatika kwenye mshono. Nilisikia sauti kama ya nguo inayochanwa, kisha nikamwona ameshuka ghafla hadi chini ya miguu yangu, akazunguka, akajigonga kwenye chuma kwa bega, akabaki ananing'inia kwa ile kamba ya pili. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, na mimi nikawa ninaiangalia kamba iliyomshika, kwa sababu zote mbili zilinunuliwa siku moja na zimepigwa na jua lile lile na chumvi ile ile.

Niliteremka hadi alipo, nikamfunga kwenye mkanda wangu, tukashuka ngazi moja moja mpaka chini huku mkono wake mmoja haufanyi kazi. Tulipofika ardhini alikaa mchangani, akaomba maji, akayashika bila kuyanywa. Karabina yake ilikuwa nzima kabisa, imeandikwa kilonyutoni 22, maana yake inabeba zaidi ya kilo 2,200, lakini kilichokatika ni uzi. Wiki chache baadaye yeye na mimi tulipewa barua za kupunguzwa, tukielezwa kwamba gharama za uendeshaji zimepanda.

Fundi wa Makorora
Subhanallah. Mwenzako anaendeleaje sasa?

Mama Wawili Raskazone
Nimesoma mpaka mwisho nikatetemeka. Mume wangu anafanya kazi hiyo hiyo na leo akirudi nitamwomba anionyeshe mkanda wake.

Mpanda Minara
Bega limepona kiasi, ila hawezi kunyanyua kitu kizito. Anauza samaki soko la Deep Sea.

Mwajiri Mdogo
Poleni sana, ndugu zangu. Hata hivyo, naomba asiwepo mtu wa kuhitimisha kwamba kila mwajiri ni muuaji. Mimi nina watu wachache, na mteja mkubwa analipa baada ya miezi mingi kwa bei ya mkataba uliosainiwa kabla dola haijapanda. Nikinunua vifaa vipya vyote kwa mkupuo sina mshahara wa kulipa, na nikilipa mshahara sina vifaa.

Kijana wa Pongwe
Basi usiwapandishe watu mnarani mpaka uwe na vifaa. Jambo hili halina mjadala.

Mwajiri Mdogo
Nikisimamisha kazi mwezi mmoja mkataba unachukuliwa na mwingine asiyejali, na watu wangu wanakosa kula. Unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipa mshahara wa mtu.

Kijana wa Pongwe
Ninaongea kama mtu anayepanda.

Mhasibu Mstaafu
Nyote wawili mna haki kwa sehemu. Kinachopaswa kubanwa ni mkataba: kuwe na kifungu cha bei kupitiwa upya fedha inapobadilika, na gharama za usalama ziandikwe peke yake ili zisiliwe na punguzo la zabuni. Nilipokuwa kazini nililipendekeza hilo, na mteja mmoja alikubali.

Mtetezi wa Kazi
Mimi nimewahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, kwa hiyo nitawaeleza yaliyomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi anatakiwa na sheria hiyo kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na malipo yao. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi analipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, pamoja na likizo ambayo hajaichukua na cheti cha utumishi. Anayeona ameachishwa isivyo halali apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi wetu hupoteza haki kwa kusubiri tuitwe ofisini tukaombwe radhi.

Fundi wa Makorora
Mimi ningeshauri mtu achukue alichopewa aondoke na amani yake. Mji ni mdogo, na ukishatajwa kwamba ulimshtaki mwajiri hakuna atakayekuita tena.

Mtetezi wa Kazi
Ushauri huo ndio unaowafanya wasiite hata kikao cha mashauriano.

Mwongoza Watalii wa Lushoto
Huku juu hatuna minara mingi, ila bei imetufikia. Wageni wanapotaka kushuka miamba upande wa Irente, zamani kila mwongozaji alikuwa na kamba yake. Sasa tumejiunga, tunatumia kamba chache kwa zamu, na tunanunua mikanda ya mitumba kutoka kwa wageni wanaorudi kwao. Nawashauri wengine wafanye hivyo, inaokoa fedha nyingi.

Binti wa Chumbageni
Kaka, kuchangia kamba ni jambo jema, ila mkanda wa mtumba nakusihi usiununue kama huijui historia yake. Watengenezaji wakubwa huandika kwamba vifaa vya nyuzi visizidi miaka 10 hata kama vimetunzwa vizuri, na vinavyotumika kila siku juani huisha mapema zaidi. Soma lebo ya ndani upate mwaka wa kutengenezwa, na kama lebo imefutika, acha. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini, na usihifadhi karibu na betri za gari. Daftari andikeni, hata la shule linatosha.

Mwongoza Watalii wa Lushoto
Ahsante, dada. Nitawaambia wenzangu, ingawa mikanda miwili tuliyonayo haina lebo kabisa, na wiki ijayo tuna wageni.

Kijana wa Pongwe
Kwa nini tusifanye walivyofanya Wamarekani wenyewe? Kampuni ya vifaa vya kupandia ya Yvon Chouinard ilipofilisika mwaka 1989 kutokana na kesi za madai, wafanyakazi wake wakiongozwa na Peter Metcalf walinunua mali zake wakaanzisha Black Diamond, na mwaka 1991 wakahamia Salt Lake City. Waliopunguzwa Tanga wanaijua kazi kuliko waliowapunguza. Waanzishe ushirika wa kukagua na kukodisha vifaa.

Mhasibu Mstaafu
Kwa mtaji upi, mwanangu? Kiinua mgongo cha chini kabisa kwa mtu wa miaka 10 ni mshahara wa siku 70.

Mama Wawili Raskazone
Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi chetu cha ushonaji kilipata. Dada wa Chumbageni, wewe uongoze, na yule mzee wa stoo atafutwe.

Mpanda Minara
Mzee yule yupo Mabawa, ninapajua kwake. Kuhusu Tume, barua yangu haijamaliza siku 30. Bwana Mtetezi, je, mwenzangu aliyeumia anaweza kuwa katika fomu moja nami, au kila mtu anajaza yake?

Mtetezi wa Kazi
Kila mmoja ajaze fomu namba 1 yake, nakala apelekewe mwajiri, nanyi mbaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Fidia ya kuumia kazini ni jambo jingine, linapitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo aje na karatasi za hospitali. Ile kamba iliyokatika ipo wapi?

Mpanda Minara
Ninayo mimi. Nilikataa kuirudisha.