Askari wa nje ya zamu kampiga risasi jambazi, nani anachunguza?

WakalaPasua: Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha wakala wa pesa huku Pasua, Moshi. Juzi vijana wawili wa pikipiki walimvamia jirani yangu akifunga duka, mmoja ana panga. Mteja aliyevaa kaptula na ndala akachomoa bastola, kijana akaanguka. Kumbe ni askari, hakuwa zamu. Sasa polisi wanamchunguza mwenzao, si kesi ya nyani kapewa ngedere? Na mimi nikaandike maelezo?

Mzee wa Jalada: Nenda. Kutokuwa zamu hakumpi kinga wala hakumnyimi haki. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18, inamruhusu yeyote kujitetea au kumtetea mwingine, ila kwa nguvu ya kadiri. Swali ni moja: panga lilikuwa juu, au kijana alishageuka kukimbia? Daktari ataona risasi iliingilia wapi. Maganda yatalinganishwa na bastola. Kumshtaki au kutomshtaki, mwenye kauli ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Usisaini kabla hujasoma.

Dada K: Na bastola ni ya kazini au yake binafsi? Daftari la ghala la silaha litasema.

Mmachame: Msisahau kesi ya Zombe, yule afisa wa polisi aliyeshtakiwa kwa mauaji. Januari 2006 watu waliouawa na polisi Dar waliitwa majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ikakuta ni wafanyabiashara wa madini na dereva teksi.

WakalaPasua: Jirani anasema kijana alishageuka. Mimi niliona panga tu. Kesho tunaenda wote, kila mtu aseme lake.