Kozi yangu ya vinyunyizio imerudishwa na bodi, nirekebishe wapi?

Swali

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha wakandarasi wa bustani wanaotafuta saa za mafunzo endelevu ili wahuishe leseni. Niliomba bodi ya leseni kibali cha kozi ya saa nne ya kukagua vinyunyizio, ombi likarudi na maneno mawili: "maelezo hayatoshi". Nilikuwa nimeambatanisha slaidi zote 86, wasifu wangu na sampuli ya cheti!

Nusu ya kozi tuko uwanjani. Tunapanga makopo 24 kwenye nyasi, tunafungulia maji dakika 10, kisha tunapima kopo moja moja kuona kama maji yanasambaa sawasawa. Nimeona fundi mzoefu akiinamisha kopo, likadondosha matone tu, na la jirani yake limejaa. Akanyamaza kabisa. Hiyo sehemu siko tayari kuikata. Nifanyeje?

Jibu

Usiikate, mkuu. Niliwahi kupitia maombi ya namna hii. Slaidi 86 hakuna mwenye muda nazo. Kinachotafutwa ni ratiba yenye dakika. Ukiandika "vitendo, saa mbili", msomaji anaona watu wamesimama juani. Andika, kwa saa ya kwanza: dakika 20 kupanga makopo na kupima presha, 10 kumwagilia, 30 kupima na kukokotoa. Na hesabu yenyewe iweke humo: chukua robo ya makopo yenye maji machache zaidi, yaani 6, gawanya wastani wake kwa wastani wa yote 24. Robo ikiwa mililita 9 na yote 15, usawa wa usambaaji wa maji ni asilimia 60.

Malengo nayo yapimike. "Mshiriki ataweza kukokotoa usawa wa maji" inapita. "Ataelewa umuhimu wa maji" hairuhusu mtu kujua kama umefundisha.

Jibu

Naongezea. Soma kanuni za bodi yako uone saa ya somo ni dakika 50 au 60, na mapumziko usiyahesabu. Mahudhurio yawe na sahihi ya kuingia na ya kutoka.

Halafu angalia bidhaa. Kozi yangu ya kuta za kuzuia udongo ilikataliwa kwa sababu mifano yote ilikuwa matofali ya muuzaji mmoja, ikaonekana tangazo. Niliumia, lakini walikuwa sahihi: nilikuwa sijagusa kabisa bomba la kutoa maji nyuma ya ukuta, na kuta nyingi huanguka kwa kulikosa.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimefungua slaidi sasa hivi: ya 61 hadi ya 70 ni vali za kampuni moja, kwa kuwa ndizo nilizokuwa nazo siku ya kupiga picha. Nazitoa. Je, mvua ikinyesha siku ya vitendo?

Jibu

Taja kwenye ombi tarehe ya akiba. Usiwapeleke darasani wakajaze namba za kubuni kisha uwape saa za uwanjani.