Kamera ya mtumba ya kupiga nyota: hii inatosha?

Kijana wa Pangani: Wakuu, huku giza ni la kweli, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, inaonekana kwa macho. Nimepata Canon 600D iliyotumika na lenzi ya 18-55mm. Ninunue au nijichange zaidi?

Fundi Lenzi: Nunua, mdogo wangu. Ni ya 2011 lakini kwa nyota inafaa. Ila kabla ya kulipa, mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Unyevu wa pwani yetu unaua lenzi nyingi hivyo. Iache hata ukipunguziwa bei. Fedha inayobaki weka kwenye stendi ya miguu mitatu. Zile nyepesi za plastiki zinatikisika kwa upepo wa bahari, tafuta kuukuu ya chuma na uining'inizie mfuko wa mchanga.

Kijana wa Pangani: Shukrani, kaka. Kila picha niiache kamera ipokee mwanga sekunde ngapi?

Dada Usiku: Zidisha 18, yaani milimita za lenzi yako, kwa 1.6 ya sensa ndogo ya Canon hiyo, kisha gawanya 500 kwa jibu hilo, unapata kama 17. Ukizidisha, nyota zinakuwa mistari. Weka f/3.5 (tundu la lenzi wazi kabisa), ISO 3200 (wepesi wa kuhisi mwanga), fokasi kwa mkono ukikuza nyota angavu kwenye skrini ya nyuma ya kamera. Rimoti usinunue, kuna taima ya sekunde 2, kidole hakitatikisa kamera. Nenda Juni au Julai, mwezi ukiwa haupo.

Fundi Lenzi: Baadaye tafuta lenzi ya 50mm f/1.8 ya mtumba. Inameza mwanga mwingi, ila sekunde zinashuka hadi 6.