Naomba ushauri: simu inazima ikiwa na chaji asilimia 30, nibadili betri au ninunue nyingine?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa mawazo hapa. Simu yangu imeshakula miaka mingi kidogo ila bado iko fresh, kioo hakina hata mkwaruzo na inapiga picha vizuri tu, shida ni betri. Inasoma asilimia 30 halafu nikifungua kamera au video kol inazima ghafla, nikiichomeka kwenye chaja inawaka na kusoma asilimia ileile.

Nnavyoelewa betri za lithiamu zikichoka volti inashuka ghafla simu ikivuta umeme mwingi, ndo maana kamera inaimaliza. Ulaya tangu Juni 2025 wanataka betri ya simu mpya ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800, yangu nadhani imeshapita huko kitambo. Haijavimba, hilo nimekagua maana betri ikivimba ni hatari, inaweza kuwaka moto.

Sasa fundi mmoja anasema tuflashi kwanza, yaani kufuta na kuweka upya programu ya simu, mwingine anasema betri tu. Mi kuflashi siafiki kabisa, naona ni kupoteza data zangu bure.

Waliowahi kubadili betri, simu ilirudi kama zamani? Na betri orijino mnaitambuaje, maana feki zimejaa na zingine zimeandikwa mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) za uongo? Pia simu ikishafunguliwa ile gundi ya kuzuia maji inarudishwa au ndo basi tena? Naipenda sana hii simu wakuu, sitaki kuitupa kwa ajili ya betri.