Nikiacha omeprazo siku mbili tu, kiungulia kinarudi kwa kishindo. Naombeni ushauri

Dereva wa Tunduma
Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa lori, miaka 43, ruti yangu Dar–Tunduma. Kiungulia kilinianza mwaka juzi. Nakula usiku, najilaza kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, saa nane nakurupuka maji machungu yamefika kooni na kifua kinawaka moto. Nilianza na ile dawa nyeupe ya maji ya kutikisa, ikawa inatuliza kama saa moja, kisha yale yale. Duka la dawa wakanipa omeprazo 20 mg, ikanisaidia mno. Sasa ni miezi 7 nameza kila usiku baada ya kula. Nikijaribu kuacha, moto unarudi mkali kuliko wa mwanzo. Je, nimeshakuwa mtumwa wa hii dawa? Wengine wanasema inaharibu mifupa na figo. Nina watoto wananitegemea, nisaidieni.

Mama Neema
Pole sana kaka. Mie niliacha chai ya rangi asubuhi na pilipili, nikapata nafuu. Jaribu na maziwa.

Mfamasia wa Zamu
Pole ndugu. Kwanza unaimeza muda usiofaa. Omeprazo haizimui asidi iliyokwisha kumwagika kama ile ya maji. Yenyewe inafunga pampu zinazoitoa kwenye ukuta wa tumbo, na pampu hizo huamka unapokula. Kwa hiyo imeze nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula. Usivisage vile vipunje vya ndani, vimevikwa ganda ili asidi isiviharibu.

Kurudi kwa kishindo si utumwa. Tumbo likizuiwa kutoa asidi kwa miezi, mwili unaongeza homoni ya kuamsha asidi. Ukiondoa dawa ghafla, asidi inamwagika kwa wingi kwa muda, hata wiki kadhaa, ndipo inatulia. Ndiyo maana watu wengi hupunguza taratibu, leo unameza kesho unaacha, na siku ya kuacha unajishikiza na ile ya maji. Mifupa kuvunjika, upungufu wa vitamini B12 na magnesi, na kwa wachache shida ya figo, hayo yamehusishwa na matumizi ya muda mrefu. Si ya kukutisha, ila si dawa ya kujinunulia mwaka mzima bila daktari kujua.

Dada, maziwa yanatuliza kidogo kisha yanaamsha asidi tena.

Swali ndugu: kuna dawa ya maumivu unayotumia?

Dereva wa Tunduma
Ipo. Mgongo unanisumbua, nameza diklofenaki 50 mg asubuhi na jioni tangu mwaka jana. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mfamasia wa Zamu
Hapo ndipo penyewe! Diklofenaki inadhoofisha utando unaolinda tumbo, inaweza kuleta vidonda hata bila maumivu. Sikiliza vizuri: usiache omeprazo huku unaendelea na diklofenaki, maana kwa sasa ndiyo inayokukinga. Mwambie daktari akubadilishie dawa ya mgongo kwanza.

Mkulima wa Njombe
Naongezea. Mimi nilipimwa choo kutafuta yule bakteria wa vidonda vya tumbo huku nameza omeprazo, jibu likaja hakuna. Nikaacha wiki mbili kwa maelekezo ya daktari, nikarudia, akaonekana. Nikapewa dawa za siku 14, nikapona. Daktari asipokuuliza, mwambie mwenyewe kwamba unaitumia.

Mama Neema
Kaka, chakula kinapita vizuri lakini? Na choo si cheusi?

Dereva wa Tunduma
Choo cha kawaida. Ila dada umenigusa. Tangu mwezi uliopita tonge la ugali linanasa hapa katikati ya kifua, mpaka nisukume na maji. Mkanda nao nimeutoboa tundu jipya.

Mfamasia wa Zamu
Ndugu yangu, hilo ungelitaja la kwanza. Chakula kunasa na mwili kupungua havisubiri kubadilisha vidonge. Unahitaji mpira wenye kamera upite kooni, waone kwa macho. Wiki hii.

Dereva wa Tunduma
Nimekuelewa mkuu. Nipo Makambako, Alhamisi nashusha Tunduma. Nimeshampigia bosi, Ijumaa asubuhi naingia hospitali Mbeya, sitakula kitu. Pakiti ya diklofenaki nitaenda nayo mfukoni nikawaonyeshe.